Isihaka wa Nne

Habari iliyotua kijiweni kwetu Chuno Jumanne ile ilikuwa hii: Omari Isihaka amekataa posa ya binti yake Zainabu, na sababu ya kukataa kaitoa kwenye simu.

Aliyeileta ni Omari mwenyewe, kaishika ile simu juu kama mwamuzi anayetoa kadi nyekundu. Sisi tunamwita Mwenyekiti. Jina hilo hakulipigiwa kura. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha wafuga bata, kikafa. Akawa mwenyekiti wa kamati ya kungojea neema ya gesi, ikafa na neema yake. Akawa mwenyekiti wa timu ya veterani, ikafungwa saba kwa bila, akajiuzulu wakati wa mapumziko. Sasa ana Umoja wa Kina Isihaka Ulimwenguni, Tawi la Chuno. Huo tawi unalo, shina haujapata.

Tunakaa mbele ya fremu ya duka iliyojengwa enzi zile tulipoambiwa kila mtu wa Mtwara atakuwa tajiri. Mpangaji hajatokea hadi leo, kwa hiyo tumepanga sisi, bure. Bi Hawa ana jiko lake pale, anakaanga mihogo na kuuza kahawa. Mwalimu Erasto, mtu wa Njombe aliyefundisha hapa miaka kumi na tisa, tunamwita Nukta kwa sababu kila hoja anaifunga kwa neno hilo. Halafu yupo Rajabu, kaka wa mke wa Mwenyekiti. Kazi yake ni kupulizia watu mikorosho, na ile dawa ya salfa imemwingia mwilini mpaka kwenye jina: tunamwita Salfa. Maneno yake ya siku nzima hayajazi kikombe cha kahawa. Mimi ni Karani, mstaafu wa bandarini, na nikiri mapema kwamba watu wajinga hunipandisha presha.

"Nimeikataa!" akasema Mwenyekiti kabla hajakaa.

"Umekataa nini tena?" nikamuuliza.

"Posa ya Kassimu wa Kitaya. Wazee wake wanataka kuja keshokutwa, Alhamisi. Wasije. Wabaki huko huko na mpunga wao."

Bi Hawa akageuka na upawa mkononi. "Kassimu yupi? Yule fundi wa mashine za kupulizia, mwenye kibanda Chikongola? Si ndiye katibu wako?"

"Alikuwa katibu wangu. Sasa ni msaliti wangu."

"Kakosa nini? Mlevi?"

"Hanywi."

"Mvivu?"

"Mashine ya Salfa hapo ameitengeneza nani? Si mvivu."

"Ana mke?"

"Hana."

"Basi kafanya nini, wee Omari?"

Mwenyekiti akavuta pumzi kama anayesoma hukumu. "Anaitwa Kassimu Hamisi Isihaka. Na binti yangu ni Zainabu Omari Isihaka. Mnaona? Isihaka na Isihaka! Ukoo mmoja! Mnataka nimwoze dada kwa kaka yake?"

Tukaangaliana. Si kwa mshangao. Tulikuwa tunatafuta pa kuanzia.

"Acha chai zako," nikasema.

"Chai? Haya, sikilizeni sayansi." Akakisogeza kioo cha simu puani. "Jina la ukoo Isaka, pamoja na namna zake zote, Isihaka ikiwemo, asili yake ni Kiebrania. Maana yake: yeye atacheka. Wenye jina hili duniani ni laki saba na ishirini elfu."

"Jumamosi ulituambia laki nne."

"Wameongezeka."

"Tangu Jumamosi?"

"Sisi tunazaana, Karani. Endelea kusikiliza. Tanzania tunashika nafasi ya tatu. Asilimia sitini na moja tunaishi karibu na maji. Ni watu wachapakazi, wenye msimamo, na wengi wetu ni viongozi wa kuzaliwa."

Nukta akatua kikombe. "Nani aliyewahesabu?"

"Wataalamu."

"Na wewe walikuhesabu?"

"Lazima nimo."

"Humo. Mwaka wa sensa karani wa mtaa wako nilikuwa mimi. Nilifika kwako na kishikwambi mkononi, mkeo akaniambia umesafiri, na huko chooni nikasikia mtu anakohoa. Ulidhani ni mtu wa kodi ya majengo. Serikali yenyewe imeshindwa kukuhesabu ukiwa hatua nne kutoka mlangoni, huyo mtaalamu wa kwenye simu amekuhesabu akiwa wapi? Nukta."

Bi Hawa akacheka mpaka muhogo mmoja ukaungua. Ukitaka kujua maana ya lile jina la Kiebrania, ilikuwa pale.

Sasa, kwa asiyeujua huo Umoja, nieleze, kwa sababu hapo ndipo uchungu wa Mwenyekiti ulipo. Una daftari kubwa la jalada gumu lenye wanachama kumi na mmoja. Namba tatu ni marehemu. Namba nne ni Isaka mmoja wa Masasi, Mkatoliki, ambaye aliingizwa kwa tafsiri. Namba sita ni mzungu wa Facebook ambaye Mwenyekiti alimwomba urafiki tangu mwaka juzi. Hajajibu, lakini Mwenyekiti anasema hajakataa. Namba saba ni Kassimu. Kijana ana mwandiko mzuri, akapewa ukatibu siku ile ile aliyojiunga, akawa anakwenda nyumbani kwa Mwenyekiti mara tatu kwa wiki kuandika muhtasari wa vikao. Vikao vyenyewe vilikuwa vya watu wawili, na anayeleta maji ya kunywa ni Zainabu. Wewe unadhani muhtasari wa watu wawili unaandikwa kwa saa tatu?

"Kwa hiyo mtego umeutega mwenyewe," nikamwambia, "na nyumba ni yako, na maji umeyaagiza wewe."

"Alikuja kama ndugu!" Mwenyekiti akapiga benchi. "Kwenye fomu aliandika kwa mkono wake: mimi ni wa ukoo wa Isihaka. Ndugu ni ndugu. Haiwezekani mtu awe ndugu Jumatano halafu Alhamisi awe mkwe."

"Hebu nikuulize," akasema Nukta. "Huyo Isaka mwenyewe, mwenye jina, alioa nani?"

"Sijafika huko."

"Kitabu hujafika, ukoo umeshaufungulia tawi. Alioa Rebeka. Rebeka ni mjukuu wa Nahori, na Nahori ni ndugu yake Ibrahimu, na Ibrahimu ndiye baba yake Isaka. Mzee alimwapisha mtumishi wake asimtafutie kijana mke kwa watu wa pale walipokaa, aende kwa jamaa zake. Mtumishi akapakia ngamia kumi, akasafiri mpaka kisimani. Kwa hiyo mwenye jina alioa kwa ndugu zake, tena kwa amri ya baba. Wewe umelichukua jina lake ukamwekea masharti ambayo yeye mwenyewe yangemfanya afe kapera. Nukta."

"Hiyo ni Biblia yenu."

"Na hicho Kiebrania ulichotusomea ni cha nani? Cha hapo Naliendele?"

Mwenyekiti akaona upande huo una moto, akahamia mwingine. "Mwalimu, wewe ni mgeni hapa. Mambo ya koo za Mtwara tuachie wenyewe."

Hilo lilikuwa kosa. Bi Hawa akaepua karai, na ukimwona Bi Hawa anaepua karai wakati wateja wapo, ujue kuna mtu atakaangwa yeye.

"Wenyewe? Haya, mwenyewe, litawa lako lipi?"

"Mimi ni Isihaka."

"Sijakuuliza jina. Nimekuuliza ukoo. Mmakonde nzima, mvi mpaka masikioni, hujui kwamba litawa linafuata mama? Wewe ni wa kwa mama yako. Baba yako alikuwa wa kwa mama yake. Zainabu ni ntoto wa kwa mama yake, wala si wa kwako. Wewe pale ni nkwe tu! Hata hicho kiwanja unacholala ni cha mama yake nkeo. Kassimu litawa lake lingine, Zainabu litawa lake lingine. Wakioana kuna kosa gani?"

"Mambo ya kale hayo, Bi Hawa. Mjini watu wanatumia jina la ukoo."

"Hilo jina la ukoo unajua lilikotoka?"

"Kanaani," akajibu bila haya. "Likashuka na misafara, likapita Kilwa..."

"Likapita kichwani mwako! Babu yako aliitwa Chilumba."

Hata mimi nilikuwa silijui hilo, nikasogea.

"Aliitwa Chilumba mpaka alipotoka jandoni," akaendelea Bi Hawa. "Bibi yangu nzaa mama ndiye aliyekuwa akipelekea chakula cha vijana mwaka ule, kabla Waingereza hawajaleta mambo yao ya karanga. Vijana walikuwa ishirini na kitu. Nnaijua desturi: ntu akitoka jandoni jina la utoto kaliacha huko, ukimwita nalo anakutoza kuku. Sasa wanne kati yao walikuwa na nlezi mmoja, Mwalimu Isihaka, fundi wa cherehani kutoka Mikindani, aliyekuwa akiwasomesha na Kurani. Wakampenda. Walipotoka, wote wanne wakajiita Isihaka. Wanne kwa mpigo! Na hakuna aliyekuwa ndugu wa mwenzie. Wa kwanza Chilumba, babu yako. Wa pili yule wa Kitaya, babu yake Kassimu. Wa tatu akavuka Ruvuma, akaishia Msumbiji, hakurudi. Na wa nne..." Akajikuna utosi kwa mpini wa upawa. "Wa nne nimensahau."

"Umesikia?" nikamwambia Mwenyekiti. "Ukoo wako wa Kanaani umeanzishwa na fundi cherehani wa Mikindani, na damu iliyomwagika pale si ya undugu."

Tungedhani mtu mzima angefika hapo akaomba kahawa. Hatumjui Mwenyekiti. Aliinuka, akajikung'uta suruali, akatoa turufu yake.

"Semeni mpaka magharibi. Walii ni mimi. Kwenye ndoa ya Kiislamu anayeozesha ni baba, si litawa, si Nahori, si Bi Hawa. Nisipokubali, hakuna anayeoa."

Hapo kweli tulikwama. Na hapo hasira ikanipanda, maana tulikuwa tumecheka nusu saa na kumsahau mtu mwenyewe. Zainabu alikuwa hajala tangu Jumapili, mtaa mzima ulijua; sasa tulijua sababu. Huyo ndiye msichana aliyemletea marehemu mke wangu uji kila asubuhi alipolazwa Ligula, wiki tatu, bila kutumwa na mtu. Hakuwa anataka makubwa. Alikuwa anamtaka fundi mmoja mwenye mafuta ya mashine kwenye kucha, na baba yake anamnyima kwa sababu simu imesema watu laki saba watacheka.

"Una roho mbaya, Omari," nikamwambia. Sikumwita Mwenyekiti. "Tena mbaya ya kijinga, ambayo ni mbaya zaidi."

"Nina msimamo. Imeandikwa kwenye katiba ya Umoja, kifungu cha pili." Akalitoa daftari kwapani, akalifungua, akasoma kwa sauti ya mkutano wa hadhara: "Kila abebaye jina Isihaka, popote alipolipata, ni ndugu wa damu wa Isihaka mwingine. Na ndugu hataoa wala kuolewa na ndugu." Akainua macho. "Basi. Awe babu yake alilitoa jandoni, awe alilinunua gulioni, akishalibeba ni damu yangu."

"Popote alipolipata?"

Tukageuka wote. Aliyeuliza ni Salfa. Alikuwa kwenye ncha ya benchi na kikombe chake cha pili, na tulishasahau kwamba naye ana masikio.

"Popote, shemeji."

"Na hilo utalisema hata mbele ya sheikh?"

"Hata mbele ya sheikh na mbele ya mkuu wa wilaya."

Salfa akatikisa kichwa polepole. Akamaliza kahawa. Akafuta vidole kwenye shati, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kimfuko cha nailoni kilichokunjwa mara tatu, na ndani yake kitambulisho cha taifa. Akanipa mimi.

"Karani, nisomee. Macho yangu yameliwa na dawa."

"Rajabu," nikasoma.

"Endelea."

"Bakari."

"Endelea."

Nikaona la tatu, nikakisogeza kitambulisho mbali, nikakirudisha karibu. Nukta akachungulia begani kwangu, akasema, "Mama yangu mzazi!"

"Soma, Karani."

"Isihaka."

Mwenyekiti akacheka, kicheko kifupi kisicho na mwenyewe. "Haiwezekani. Babu yako ni Mzee Cherehani. Nilimzika mimi!"

"Cherehani ilikuwa kazi," akasema Salfa. "Jina lake ni Isihaka. Wa NIDA walitaka majina matatu, sikuwaambia kazi ya babu."

Bi Hawa akajipiga paja. "Cherehani! Ndiye wa nne! Ndiye aliyefundishwa kushona na nlezi wao! Uzee huu, jamani, uzee!"

"Sasa shemeji," Salfa akaendelea kwa sauti ile ile anayotumia kuulizia kama upepo umetulia, "mimi na dada yangu Mwanahamisi ni wa baba mmoja, huyo Bakari Isihaka. Kwa hiyo mkeo ni Isihaka. Kwa katiba yako, popote alipolipata. Miaka ishirini na sita umelala na dada yako."

Hata Nukta hakupata nukta.

"Mimi sikuwa na neno," akasema Salfa. "Lakini kama kifungu kinasimama, na kisimame kwa wote. Kabla ya magharibi kachukue nguo zako. Kiwanja ni cha mama yetu, na kaka hatandikiwi kitanda na dada yake. Unaweza kulala hapa, fremu ni tupu."

Mwenyekiti alikaa. Hakuchagua pa kukaa, akaangukia kwenye ndoo ya Bi Hawa. Akaifungua simu, akaanza kukwangua kioo kwa kidole, juu, chini, juu.

"Unatafuta nini?" nikamuuliza.

"Huenda wapo Isihaka wa aina mbili."

"Tafuta vizuri," akasema Nukta. "Mpo laki saba."

"Sasa hivi imeandika laki mbili."

"Wamekufa tangu asubuhi?"

Mwenyekiti akazidi kukwangua. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye kidevu na kudondokea kwenye daftari, kwenye kifungu cha pili. Ningemwonea huruma kama ningekuwa mtu mwingine. Huyu alikuwa anajua idadi ya kina Isihaka wa Ulaya na asilimia ya wanaoishi karibu na maji, na hakuwahi kumuuliza mwanamke anayempikia jina lake la tatu.

Mwishowe akakohoa, akarudisha sauti ya uenyekiti. "Jamani. Hii katiba bado haijasajiliwa."

"Ndiyo," nikasema.

"Kisheria, basi, ni rasimu."

"Ndiyo."

"Rasimu hurekebishwa. Kwa hiyo, kwa maslahi mapana ya Umoja, na baada ya kusikiliza maoni ya wadau, kifungu cha pili kinaondolewa."

"Sema kwa Kiswahili, wee Omari," akasema Bi Hawa.

Akaangalia chini. "Wazee wa Kitaya waje."

"Wanakuja," akasema Salfa. "Barua yao niliipokea mimi Ijumaa, kama mjomba wa binti. Alhamisi baada ya alasiri. Uvae kanzu. Na hiyo simu uiache hapa kwa Bi Hawa."

Bi Hawa alishanyoosha mkono, akaipokea. Mwenyekiti akakata karatasi ya kifungu cha pili taratibu, isichanike vibaya, akampa awashie jiko. Bi Hawa akaitumia kufungia mihogo ya Nukta, maana karatasi nzito vile haichomwi bure.

Adhana ya adhuhuri ikaanza. Tukainuka mmoja mmoja. Mwenyekiti akamshika Salfa mkono, akainamisha kichwa, na kwa sauti ambayo alidhani ni ya kunong'ona akasema, "Shemeji, nakuomba kitu kimoja. Haya ya leo yaishie hapa. Yasimfikie Mwanahamisi."

Salfa alikuwa anakirudisha kitambulisho kwenye nailoni, mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Hiki sitembei nacho," akasema. "Kinakaa kwenye sanduku la dada yangu tangu mwaka juzi. Unadhani nani kanipa asubuhi hii?"